Chili ya nyama na maharage imekataa? Anzia hapa kabla hujaongeza kitu

Onja kwanza. Kabla hujashika chumvi, kabla hujashika sukari, onja alafu jiulize hii kasoro imeanzia hatua gani. Chili ikienda vibaya watu wengi wanakimbilia kuongeza vitu, chumvi kidogo, pilipili tena, sukari, unga, mwisho tatizo moja limezaa manne na hujui tena ulianzia wapi. Kasoro nyingi za chili zinatokana na mambo mawili tu, kitu kimeingia sufuriani wakati sio wake, au moto ulikuwa mkubwa pale palipotaka moto mdogo na mdogo pale palipotaka mkubwa. Ukishapaona hapo, kuiokoa inakuwa rahisi.

Naongelea ile chili ya nyumbani, nyama ya ng'ombe ya kusaga au ya vipande vidogo, maharage mekundu, nyanya, vitunguu, pilipili na binzari nyembamba. Najua wapo wanaosema chili ya kweli haina maharage, kule Texas ambako chili ilitangazwa kuwa chakula rasmi cha jimbo mwaka 1977 ubishi huo hauishi, na mashindano kadhaa ya chili ya Marekani hayaruhusu maharage kabisa. Sawa, ila sisi tunaoyataka ndio yanatusumbua kuliko kitu kingine chochote kwenye hiyo sufuria kwa hiyo naanza nayo.

Maharage hayaivi

Umepika saa mbili, tatu, nyama imeshalainika, mchuzi umeshakolea rangi, ila harage ukiling'ata katikati bado gumu na linavunjika kama chaki. Swali la kwanza, yaliingia lini? Kama uliweka maharage makavu au yaliyoiva nusu pamoja na nyanya basi jibu umeshalipata. Uchachu wa nyanya unazuia ile pektini, gundi ya asili inayoshikilia ganda na ndani ya harage, isiyeyuke, kwa hiyo harage lililoingia kwenye nyanya likiwa gumu linaweza kukaa gumu masaa na masaa. Maharage yachemshwe peke yake kwenye maji mpaka yaive kabisa, sio nusu, ndio yakutane na nyanya. Kujua yameiva usionje harage moja, chukua matano kutoka sehemu tofauti za sufuria, moja likiwa bado na kiini kigumu endelea kuchemsha.

Kama yalikuwa yanachemka peke yake na bado hayaivi, angalia umri wake na maji yako. Maharage yaliyokaa stoo muda mrefu, hasa sehemu yenye joto na unyevu, yanabadilika ndani na kuna mengine hayalainiki hata uchemshe siku nzima. Maji magumu nayo, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, yana kalsiamu nyingi na kalsiamu inaikaza ile pektini. Hapo robo kijiko cha chai cha beking soda kwa nusu kilo ya maharage kwenye maji ya kuchemshia inasaidia sana, ila usizidishe manake yatakuwa na ladha ya sabuni na maganda yatabanduka yote.

Alafu kuna hii imani kwamba chumvi inafanya maharage yawe magumu. Ni kinyume chake. Ukiloweka usiku kucha kwenye maji yenye chumvi, kama kijiko kikubwa kimoja kwa lita moja, ganda linalainika vizuri na maharage yanaiva bila kupasuka hovyo, alafu yanakuwa na ladha mpaka ndani. Yasuuze ndio uchemshe kwenye maji mapya.

Na kama umeshachanganya kila kitu na maharage ni magumu? Usipandishe moto, utaunguza chini tu. Ongeza maji ya moto mpaka yafunike, funika sufuria, moto mdogo, uwe na subira, au hamishia kwenye presha kuka kama unayo ila hakikisha mchuzi ni mwepesi kwanza kwa sababu mchuzi mzito unashika chini. Unaweza kutia beking soda kidogo sana, itatoa povu manake inapambana na uchachu wa nyanya, subiri povu litulie ndio uone kama inahitaji tena. Ikishindikana kabisa, chota maharage magumu utoe, weka ya kopo. Nyama yako bado nzima, hujapoteza chakula.

Sasa hapa naomba usome taratibu. Maharage mekundu makubwa yakiwa mabichi yana lektini nyingi ambayo ni sumu kwa tumbo, mtu akiyala yakiwa hayajaiva anaanza kichefuchefu na kutapika vibaya ndani ya masaa machache, baadae anaharisha. Loweka angalau masaa 5, mwaga maji, weka maji mapya, chemsha kwa nguvu yatokote hasa sio chini ya dakika 10. Wengine wanashauri dakika 30 kujihakikishia, na kwa kuwa utayachemsha zaidi ya hapo ili yalainike hamna unachopoteza. Hatari kubwa iko kwenye yale masufuria ya umeme yanayopika polepole siku nzima, joto lake linaweza lisifike kuchemka, na maharage yaliyopashwa moto mdogo bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu kali kuliko hata mabichi. Kwa hiyo kama unatumia hicho chombo, chemsha kwanza maharage jikoni kawaida ndio uyaingize humo. Ya kopo yameshapikwa, hayo hayana shida.

Maharage yamekuwa uji

Hii fupi. Yalichemka kwa fujo, au ulitumia ya kopo ukayaweka mwanzoni. Ya kopo yanaingia dakika 20 hadi 30 za mwisho, yanatosha kunyonya ladha bila kusambaratika. Kama yameshapondeka, mchuzi wako umepata uzito wa bure, ongeza kikombe kimoja cha mengine mazima mwishoni mlaji apate kitu cha kutafuna.

Nyama ya kijivu, mchuzi hauna mwili

Hapa ndio chili nyingi zinapotofautiana, na tatizo linatokea dakika 10 za kwanza kabla hata nyanya haijaguswa. Dalili yake, chili imekolea viungo vyote lakini ukionja unasikia viungo tu, nyama haipo. Ukiiangalia nyama yenyewe ni ya kijivu na ina vidonge vidonge vinavyoteleza.

Kilichotokea ni kwamba nyama ilichemka badala ya kukaangika. Nyama ina maji mengi, ukimwaga kilo nzima kwenye sufuria ambayo haijapata moto, maji yanatoka haraka kuliko yanavyokauka na nyama inaanza kuogelea humo. Maji yakiwepo joto haliwezi kupita nyuzi 100, na ule ukahawia unaoleta ladha unaanza kwenda kwa kasi karibu nyuzi 140. Kwa hiyo hata ukoroge nusu saa, maji yakiwepo ukahawia hakuna.

Tumia masikio. Pasha sufuria nzito mpaka mafuta yaanze kutembea na kumetameta, weka nyama kidogo tu, robo kilo hivi, itandaze alafu USIIGUSE. Mwanzo utasikia inalia kwa nguvu, baadae sauti inakuwa ya kububujika, hayo ni maji yanatoka, vumilia usikoroge, yakikauka utasikia sauti inabadilika tena inakuwa kali na kavu, inapasukapasuka. Hapo ndio kukaanga kumeanza. Ikishapata rangi ya kahawia upande wa chini geuza, vunjavunja, toa weka pembeni, ingiza fungu lingine. Inachosha kidogo ila hii ndio kazi inayolipa kuliko zote. Ule ukoko wa kahawia unaobaki chini usiuoshe, tia vitunguu na chumvi kidogo, vitatoa maji yao, kwangua na mwiko, rangi yote inapanda kwenye vitunguu. Ukoko ukiwa mweusi na unanuka kuungua ni habari nyingine, huo toa.

Kama chili yako imeshaiva na nyama ni ya kijivu huwezi kurudi nyuma, lakini unaweza kuisogeza. Kwenye kikaango pembeni kaanga nyanya ya kopo ile nzito, vijiko vikubwa 2, na mafuta kidogo mpaka igeuke kutoka nyekundu iwe rangi ya matofali, tia mchuzi kidogo wa chili ukwangue, rudisha sufuriani. Kijiko kimoja cha sosi ya soya nacho kinaleta ule unono bila mtu kujua ni nini, ila kumbuka kina chumvi.

Waliotumia nyama ya vipande wana malalamiko tofauti, nyama ni ngumu. Mara nyingi ni muda haujatosha. Vipande vya bega au kifua vina kolajeni nyingi, ule utando mgumu unaoshikilia nyama, inaanza kuyeyuka kuwa jelatini, yaani ute laini, kuanzia kama nyuzi 70 hivi ila kwa mwendo wa kinyonga, ukikaa kwenye 85 hadi 95, yaani mchuzi unatikisika na kutoa vibubujiko viwili vitatu, inakwenda vizuri na ndani ya saa 2 hadi 3 inaachia. Ikiwa ngumu saa ya kwanza na nusu usiogope wala usipandishe moto, endelea tu. Lakini kama ulinunua nyama nyekundu tupu isiyo na mishipa wala mafuta ukitegemea itakuwa bora, hiyo itakauka, inakuwa nyuzi nyuzi kavu na kuongeza muda hakusaidii. Hiyo ivunjevunje na uma ichanganyike na mchuzi.

Mafuta yakielea juu sana, egesha sufuria upande mmoja uchote kwa kijiko, au kama unaila kesho weka friji, yataganda juu utayatoa kama mfuniko. Usiyatoe yote lakini, viungo vingi ladha yake inakaa kwenye mafuta.

Majimaji, au nzito mpaka inashika chini

Majimaji dawa yake ya kwanza ni kufunua. Toa mfuniko, moto wa kati, koroga kila baada ya dakika chache mpaka ufike chini, dakika 20 mpaka 30. Kipimo ni hiki, pitisha mwiko chini ya sufuria, njia ikibaki wazi sekunde moja kabla mchuzi haujarudi, imefika. Ikiwa huna muda, ponda kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva urudishe, au koroga vijiko vikubwa 2 vya unga laini wa mahindi kwenye maji ya baridi, mimina huku unakoroga, iache dakika 10 ladha ya unga mbichi iishe. Usimwage unga mkavu moja kwa moja kwenye sufuria, utapata mabonge. Na kumbuka inazidi kuwa nzito ikipoa, kwa hiyo izime kabla haijafika pale unapopataka.

Nzito sana ongeza supu au maji, ya moto. Kushika chini kunatokana na moto mkubwa chini ya sufuria nyembamba, maharage yana wanga na wanga unatua chini. Ukisikia harufu ya kuungua acha kukoroga papo hapo! Zima, mimina ile ya juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua, onja. Mara nyingi iliyo juu imesalimika kabisa, kinachoiharibu ni ule mkono unaokwangua ukoko mweusi na kuusambaza kote. Ikishasambaa hamna kiungo kitakachoficha.

Inawasha hailiki

Hili linawapata sana wanaofuata mapishi ya Kimarekani. Mapishi yanasema vijiko vikubwa 3 vya unga wa chili, mtu anachukua pilipili kali ya unga anapima vijiko 3, basi. Ule unga wa kwenye hayo mapishi ni mchanganyiko, pilipili isiyo kali sana, binzari nyembamba, kitunguu saumu na oregano (majani makavu ya kiungo), umekuwa ukiuzwa hivyo tangu miaka ya 1890 ambapo William Gebhardt alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kuutengeneza kwa biashara huko Texas. Huna huo, changanya mwenyewe, vijiko vikubwa 2 vya paprika (unga wa pilipili isiyo kali), vijiko 2 vya chai vya binzari nyembamba, kimoja cha unga wa kitunguu saumu, kimoja cha oregano, na pilipili kali robo kijiko cha chai kwanza. Utaongeza ukionja, kupunguza ndio kazi.

Imeshawasha? Maji hayasaidii, kapsaisini, ile inayofanya pilipili iwashe, haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Njia ya uhakika ni kuongeza wingi, maharage mengine, nyanya nyingine, nyama kama ipo, yaani unatengeneza chili kubwa zaidi yenye pilipili ile ile. Nusu nyingine igandishe. Mezani weka mtindi au krimu au chizi, maziwa yana protini inayoikamata kapsaisini ikaachia ulimi. Usichemshe mtindi ndani ya sufuria, utakatika. Sukari kidogo inapunguza makali mdomoni lakini usiitegemee.

Chungu

Uchungu una wazazi watatu. Kitunguu saumu kilichoungua, viungo vya unga vilivyoungua, au pilipili kavu nzima zilizokaangwa kupita kiasi. Kitunguu saumu kiingie vitunguu maji vikishalainika, dakika moja tu kinatosha. Viungo vya unga navyo viingie na mafuta sekunde 30 hadi dakika, mpaka harufu ikupige puani, alafu haraka nyanya au supu iviokoe. Hapo ndio pakutokwenda kujibu simu. Pilipili kavu ukizikausha kwenye kikaango zibadilike rangi kidogo na zinukie, zikitoa moshi zimeshaharibika, anza na nyingine.

Uchungu mdogo unafichika, chumvi kidogo, karoti iliyokunwa au kijiko cha sukari, pamoja na mafuta ya kitu kama krimu mezani. Uchungu mkubwa kusema ukweli hauna dawa, na ni bora ujue mapema. Kama bado uko kwenye hatua ya vitunguu na umesikia harufu ya kuungua, mwaga vitunguu uanze upya, ni hasara ndogo kuliko kuingiza kilo ya nyama kwenye kitu kilichoharibika tayari.

Chili ikiwa chachu inatokana na nyanya ambayo haijapikwa ya kutosha, ipe dakika 30 nyingine kabla hujasema ni tatizo. Ikibaki chachu, sukari nusu kijiko cha chai au beking soda kidogo kabisa, sio vyote pamoja. Chumvi ikizidi, kile kiazi watu wanachotupia kinanyonya mchuzi wenye chumvi tu, hakichagui chumvi kikaacha maji, kwa hiyo utapata kiazi chenye chumvi na chili yenye chumvi. Ongeza maharage yasiyo na chumvi, nyanya, maji, vipe muda. Na kuanzia hapo sehemu kubwa ya chumvi itie mwishoni mchuzi ukishapungua, kwa sababu maji yanakwenda na chumvi inabaki.

Ipo ipo tu

Haiwashi, sio chungu, haina kosa, ila haina raha. Fuata mpangilio huu, chumvi kwanza, bana kidogo onja, bana onja. Ladha ikiamka ukaona inatosha ishia hapo. Ikibaki nzito nzito imelala, kinachokosekana ni uchachu, kamulia ndimu nusu au kijiko cha chai cha siki ukishazima moto. Ikiwa kali juu lakini chini tupu, kijiko cha chai cha kakao isiyo na sukari au kahawa nyeusi vijiko viwili vikubwa, ichemke dakika 10. Kama binzari nyembamba imeshakaa saa 3 kwenye moto harufu yake imepungua, ongeza nusu kijiko cha chai mwishoni. Vitu hivi usiviweke vyote kwa pamoja, kimoja, onja, ndio kingine.

Na kama una nafasi iache ilale. Chili ya kesho yake inakuwa imetulia kuliko ya leo, na wengi wanaipika jana yake kwa makusudi.

Ila hiyo ya kulala ina tatizo lake, asubuhi unafungua unakuta ina povu na harufu kali. Sufuria kubwa la nyama na maharage linakaa vuguvugu masaa mengi katikati hata kama juu pamepoa, na kuna bakteria anaitwa Clostridium perfringens ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemsha, akipata uvuguvugu huo anazaliana haraka sana. Chakula kinaweza kumuumiza mtu tumbo hata kikiwa hakijanuka bado. Igawe kwenye vyombo vifupi vyenye kina cha vidole vitatu hivi, au weka sufuria kwenye beseni la maji baridi ukoroge, iingie friji ndani ya masaa 2. Ikae siku 3 hadi 4, zaidi ya hapo friza, humo inakaa miezi 2 au 3 vizuri. Ukipasha, pasha kiasi utakachokula tu, tia maji kidogo manake itakuwa imeganda, ichemke mpaka katikati huku unakoroga. Iliyolala juu ya jiko usiku kucha bila friji usiichemshe ukadhani umeiponya, mwaga.